Msaada Umefika

Mimi nina mdomo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga, na kwamba nikipata mtu wa kubishana naye, hata chakula nasahau. Ndiyo maana kazi yangu ilinifaa. Nalipwa kubisha. Mtu akitengeneza programu ya simu akaniambia inafanya kazi, mimi humwambia, thibitisha. Akisema ameijaribu mara mia, namuuliza, na mara ya mia na moja je?

Ofisi yetu iko Kitale, orofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi la kina Mohini. Mohini ndiye mwenye kampuni. Ni mama wa makamo, mpole, anayeuliza swali moja kwa siku, na swali lenyewe linakukosesha usingizi. Programu yetu inaitwa Itika. Ni ya wazee wanaoishi peke yao. Mzee anabonyeza kitufe kimoja chekundu, na simu za watu aliowachagua zinalia.

Lakini simu za wazee wetu mnazijua. Chaji haikai, mtandao unakuja na kwenda. Kwa hivyo Itika hujibadilisha. Chaji ikiwa tele, inaonyesha ramani, inarekodi sauti, inapigia watu wote. Chaji ikipungua inaacha ramani, kisha sauti, kisha inapunguza watu. Ikifika chini ya asilimia kumi inabaki na jambo moja tu: ujumbe mfupi kwa mtu mmoja, yule aliye karibu kuliko wote. Huyo mtu akifika, Itika inaacha kuita, ili chaji iliyobaki isiishe bure. Ukichanganya hali zote hizo, programu hiyo moja ina sura elfu moja mia moja hamsini na mbili. Nani atazijaribu zote kwa mkono?

Hapo ndipo nilipokuwa naringa. Mimi sikuzijaribu, nilizithibitisha kwa hesabu. Unaandika mfano wa programu nzima kwa lugha ya mashine, sura zake zote na jinsi inavyohama kutoka sura moja hadi nyingine, halafu unaandika dai lako. Mashine inapita kila njia, haichoki na haikuonei haya. Ikipata njia moja tu inayovunja dai, inakuonyesha hatua kwa hatua. Isipopata, dai limesimama. Dai langu lilikuwa hili: mzee akibonyeza, katika sura yoyote ile, msaada utafika. Na neno kufika nililieleza hivi: simu ya msaidizi iko ndani ya mita ishirini kutoka kwa nyumba. Mashine ilihangaika dakika arobaini, ikarudi na kijani. Niliruka kutoka kwenye kiti. Mohini alituma sambusa.

Mzee wa kwanza kuwekewa Itika alikuwa mama yangu mwenyewe.

Nyumbani kwetu ni Musikoma, hapo Bungoma. Baba alishatangulia, dada yangu Emmy anafundisha Cheptais na hurudi Ijumaa, mimi niko Kitale. Mama alikuwa na presha na ukaidi, na sijui ni kipi kilikuwa kibaya zaidi. Nilikaa naye sebuleni, nikaandika majina ya wasaidizi. Akanipa Mama Tonny wa ng'ambo ya ua, na Waruguru mwenye kibanda cha mboga.

"Hao wawili wanatosha," akasema.

"Hawatoshi, Mama. Inataka watatu walio karibu."

"Nani anataka?"

"Programu."

"Basi mwambie huyo programu mimi ndiye nakaa hapa."

Nikacheka. Kisha nikamtaja Wekoye, mume wa Emmy. Wekoye ni fundi wa vyuma, anachomelea milango na madirisha pale njia panda, nusu kilomita kutoka kwa Mama. Hata mlango wa mbele wa Mama alitengeneza yeye, na akaja kuupachika siku ambayo Mama alikuwa kanisani.

Mama akaweka kikombe chini. "Nakhungu, umesoma mpaka umesahau kwenu?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hata pazia lake asiliguse. Mambo hayo nimeyajua tangu nikiwa mtoto, ila niliyaweka pamoja na nyimbo za jandoni na hadithi za zimwi, vitu vya kupendeza ambavyo havihusu kazi.

"Mama, hiyo ni ya zamani."

"Mtoe," akasema. Nikamtoa mbele ya macho yake.

Programu ikawa nyekundu. Chini ya wasaidizi watatu haikubali kuwaka, na sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Nilipofika mjini, kabla sijapanda gari la Kitale, nikalirudisha jina la Wekoye kwa simu yangu. Ikawa kijani. Nikampigia.

"Shemeji, hapana bana," akasema. "Mimi pale siwezi ingia. Si unajua?"

"Wekoye, ni jina tu. La kujaza nafasi."

"Na kama nikiitwa?"

"Hutaitwa. Nimethibitisha."

Hilo sikuwa nimelithibitisha. Nilithibitisha kwamba mtu ataitwa, sikuthibitisha kwamba hatakuwa yeye. Akasema sawa, kwa sababu Wekoye hajui kumkatalia mtu.

Ilikuwa Alhamisi. Stima ilikuwa imepotea Musikoma tangu Jumatano, na simu ya Mama ilibaki na chaji asilimia tisa. Mama Tonny na Waruguru walikuwa wamekwenda Chwele kwenye mazishi na akina mama wa kanisa. Mimi nilikuwa Endebess, mahali mtandao haushiki, nawaeleza wazee kumi na wawili jinsi Itika isivyoweza kushindwa. Niliwaambia hivyo hivyo, isivyoweza. Mzee mmoja akaniuliza kama nimemwekea mama yangu. Nikasema ndiyo, wa kwanza kabisa, na wakapiga makofi.

Mama alibonyeza saa nne na dakika arobaini na saba asubuhi. Alikuwa ametoka kuoga, akateleza chumbani. Itika ikaangalia chaji, ikavaa sura yake ndogo kuliko zote, ikatafuta mtu wa karibu. Saa nne na dakika hamsini na mbili Wekoye alikuwa mlangoni. Itika ikaandika: msaada umefika. Ikanyamaza.

Waruguru ndiye aliyeingia, saa sita kamili, akitoka Chwele mbio baada ya kupigiwa na Wekoye. Alimkuta Wekoye amekaa chini nje ya mlango. Ndani, beseni lilikuwa limepinduka na maji yametapakaa sakafuni. Mama alikuwa amelala kitandani, leso imemfunika vizuri mpaka shingoni, mikono imenyooshwa ubavuni. Alikuwa ameshakata roho. Waruguru alilisimulia hilo matanga yote, akilia. "Alipanda kitandani akajifunika mwenyewe. Hata kifo kimemkuta na heshima yake."

Nilipotoka Endebess na mtandao ukarudi, simu ilitetemeka mpaka nikaogopa kuishika. Wekoye alikuwa amenipigia mara tisa.

Tukamzika Mama. Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, jamaa wote walikaa uani kama ilivyo desturi, ili maneno yaliyobaki yasemwe na yaishe. Baba Mdogo Wamalwa, ndugu ya marehemu Baba, ndiye aliyeongoza kikao. Wekoye alikaa kando karibu na lango, mahali pa wakwe. Na mimi nilikuja na karatasi.

Nilikuwa nimeichapa ofisini, kumbukumbu ya Itika ya siku ile, yenye saa na dakika. Niliwaambia watu nataka ukweli ujulikane. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Mtu angeuliza, mashine yako ilikuwa wapi, Nakhungu? Basi nikasimama kwanza. Nikasoma. Mama alibonyeza saa hii. Ujumbe ulifika saa hii. Wekoye alifika saa hii. Mashine ilifanya kazi yake.

Emmy akahesabu kwa vidole. "Dakika sitini na nane," akasema. "Wekoye! Dakika sitini na nane ulikuwa unafanya nini?"

Wekoye akainamisha kichwa.

Baba Mdogo Wamalwa akamuuliza taratibu, "Uliingia ndani?"

"Sikuingia."

"Mkwe haingii, hiyo ni kweli. Lakini mtu ameanguka. Mtu aliyeanguka si mkwe tena, ni mtu. Ungeingia tungechinja kondoo, tukusafishe, iishe. Si ati hujui hivyo?"

"Najua, Baba."

"Na nani aliandika jina lako kwa hiyo simu? Mama yenu angekubali?"

Hapo Wekoye akainua macho, akaniangalia. Mara moja tu. Nikasubiri aseme. Mimi niliyezaliwa nikigombana, ulimi uliniganda. Akayarudisha macho chini, akasema, "Sijui."

Wakamwambia asikanyage boma lile mpaka aitwe. Akavaa kofia yake akatoka. Emmy alirudi Cheptais siku ile ile bila kupitia kwake, na jioni akanitumia ujumbe akinishukuru kwa kuleta karatasi. Alinishukuru, jamani.

Ofisini Kitale nilijifanya mzima kwa wiki mbili. Wiki ya tatu Mohini akavuta kiti karibu na changu.

"Pole tena, Nakhungu. Tuendeshe mfano wako pamoja, mimi nataka tu kuona."

Tukauendesha. Dakika arobaini, kijani. Nikamwambia, unaona? Hakuna kosa. Sauti yangu ilikuwa juu mpaka wauzaji wa duka chini wakanyamaza.

Mohini akaangalia kioo cha kompyuta muda mrefu. Kisha akauliza lile swali lake moja. "Kuna hali ya mtu ambaye amefika, lakini hawezi kusaidia?"

"Hakuna."

"Weka."

Ni mstari mmoja tu. Nikauandika, nikabonyeza, nikajiandaa kusubiri dakika arobaini. Mashine haikumaliza hata dakika moja. Ikarudi na nyekundu na hatua saba. Chaji chini ya asilimia kumi. Wasaidizi wawili wako mbali. Wa tatu yuko karibu. Mzee anabonyeza. Wa tatu anafika. Wa tatu hawezi. Itika inaacha kuita. Nilizisoma zile hatua, na niliona Alhamisi yote, na beseni. Mashine ilikuwa tayari kuniambia miezi minne kabla ya Mama kuanguka. Ilikuwa inangoja niulize. Na mtu wa kunifundisha cha kuuliza nilikaa naye sebuleni, nikamwambia ni mambo ya zamani.

Nikalia pale pale, kilio cha kitoto. Mohini akanishika bega. Baadaye akasema, "Alipofika, hakujaribu kujibu ule ujumbe?"

"Katika sura ile majibu hatusomi. Yanakaa tu."

"Yanakaa wapi?"

Nikafungua. Yalikuwa manne, yote kutoka kwa namba ya Wekoye.

Saa nne na hamsini na tatu: *Mimi ni mkwe. Tafadhali ita mtu mwingine.*

Saa tano na dakika moja: *Majirani hakuna. Waruguru ako Chwele anakuja. Ita mwanamke yoyote.*

Saa tano na dakika tisa: *Nimemsikia ako chini. Anasema nisiingie hana nguo. Nyinyi watu iteni mtu.*

Saa tano na dakika kumi na sita: *Amenyamaza. Naingia. Mungu anisamehe.*

Na chini ya kila ujumbe, Itika ilikuwa imemjibu kwa maneno niliyoyachagua mimi: *Asante. Msaada umefika.*

Niliyachapa. Kesho yake asubuhi nilikuwa Bungoma, kwenye banda la Wekoye njia panda. Alikuwa anapiga rangi dirisha. Amekonda, na shati lake linaonyesha anajifulia mwenyewe. Nikampa karatasi bila salamu. Akaisoma, akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Nilidhani hakuna mtu anasoma hizo," akasema.

"Hakuna aliyekuwa anasoma. Wekoye, uliingia! Kwa nini ukawaambia hukuingia?"

"Ongea pole pole, shemeji."

"Leso ulimfunika wewe."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilipoingia alikuwa ameenda tayari. Nikafumba macho, nikamfunika, ndio nikamweka kwa kitanda. Ningemwacha hapo kwa maji? Mtu mzima vile?"

"Basi twende niwasomee. Leo hii. Emmy arudi nyumbani."

"Hapana."

"Wekoye!"

"Mama aliniambia nisiingie. Ndiyo maneno yake ya mwisho, na aliniambia mimi. Hiyo kondoo ya Baba Wamalwa inanisafisha mimi. Yeye haimsafishi. Watu wakijua niliingia, watakuwa wanamfikiria vile alikuwa. Saa hii wanajua alijifunika. Wacha wajue hivyo."

"Na wewe waendelee kukuita mwoga?"

"Mimi niko hai, naweza kuitwa." Akachukua brashi. "Wewe kama uko na yako ya kusema, sema yako. Yangu wachana nayo."

Jumamosi iliyofuata nikamwomba Baba Mdogo Wamalwa aite watu. Walikuja wachache, na Emmy alikuja. Nilisimama pale uani nikasema yangu yote. Kwamba Mama aliniambia nimtoe Wekoye na nikamtoa mbele ya macho yake, kisha nikamrudisha kwa siri. Kwamba Wekoye alikataa na mimi nikamwambia ni jina tu. Kwamba mashine yangu ilimwona mlangoni ikaacha kuita wengine, kwa sababu mimi niliiambia aliyefika ni msaada. Kwamba siku ya kunyoa aliniangalia, na nikanyamaza. Sikujitetea hata mahali pamoja.

Shangazi mmoja akasema, "Woi, mtoto huyu." Sijui kama alinihurumia au alinilaani. Baba Mdogo Wamalwa aliniangalia muda mrefu na uso ukamzeeka. Akasema mimi nitakuja kaburini kwa Mama nizungumze naye mwenyewe, kwa sababu yeye hana adhabu ya kosa kama hilo, hajawahi kuliona. Halafu akamtuma mtu aende njia panda amwite Wekoye.

Wekoye akaja, akasimama langoni mpaka akaambiwa apite. Baba Mdogo akampa mkono. Akamwambia jina lake limeondolewa lawama ya kuitwa, kwamba hapakuwa mahali pake na hakuwekwa pale kwa ridhaa yake. Watu wakaitikia. Nikaona mabega yake yakishuka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile nikavuta pumzi.

Emmy hakuitikia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono shavuni, anamwangalia mume wake.

"Nitarudi," akasema. "Watoto wanataka baba yao. Na nimesikia Nakhungu alifanya nini, hiyo nitaongea naye siku nyingine." Akamgeukia Wekoye. "Lakini wewe ulisimama hapo. Mama alikuwa anakufa ndani. Ukakaa chini ukangoja Waruguru. Mimi ningekuwa wewe ningeingia, Wekoye. Hata kama ni mwiko wa dunia yote, ningeingia. Hiyo mimi sitasahau mpaka nizikwe."

Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba wangu, imekunjwa mara nne vile alivyoikunja yeye. Ushahidi wote, wenye saa na dakika, hatua mbili kutoka mahali Emmy alipokaa. Nilimwangalia Wekoye. Alitikisa kichwa, kidogo sana, mtu mwingine hangeona.

"Sikuingia," akamwambia mke wake. "Nisamehe."

Nikaufunga mkoba, nikanyamaza.